Kwaya si mbuzi

Katika kazi yangu ya ukalimani, misemo mifupi ya Kiingereza hunitia hofu kuliko hotuba ndefu. Mmoja wao ni "preaching to the choir", yaani kuihubiria kwaya.

Nilikuwa kwenye mkutano wa kijiji kuhusu maji. Mama mmoja alieleza kwa uchungu jinsi watoto wanavyokosa vipindi vya asubuhi kwa sababu ya foleni ya kisimani. Mgeni kutoka Marekani akatabasamu, akasema msemo huo. Mwenzangu aliyekuwa zamu akatafsiri: "Anasema unampigia mbuzi gitaa." Mama akaketi, akajifunga khanga yake upya, asiseme tena neno.

Kosa hilo nimelisikia mara nyingi, na chanzo chake kinaeleweka: misemo yote miwili inahusu maneno yasiyo na kazi. Lakini mbuzi hajali gitaa. Lipige utakavyo, yeye anatafuna majani. Wanakwaya wamesikia, wameamini, na Jumapili wanawahi kanisani kuliko waumini wengine. Wa kuhubiriwa ni yule aliyebaki nje ya mlango. Mgeni alichomwambia mama ni kwamba mama hana haja ya kumshawishi, kwani yeye mgeni yuko upande wake tangu mwanzo.

Waingereza wana msemo wa zamani zaidi, tangu karne ya 19, "preaching to the converted", kuwahubiria waliokwisha kuongoka. Kwaya ililetwa na Wamarekani baadaye. Maana ni ileile.

Kinachobadilika ni anayesemwa. Ukiambiwa wewe ana kwa ana, mara nyingi ni kauli ya kirafiki, nami huitafsiri "hilo tumeshakubaliana". Akisemwa mtu asiyekuwepo, huwa lawama: mwanasiasa anayehutubia ngome yake tu, au mpiganiaji wa misitu anayezungumza na wapiganiaji wenzake huku wakata mkaa hawajaalikwa. Huyo nasema "anawashawishi walioshawishika". Kutaja kwaya mbele ya watu wasioujua msemo huo naona ni kuwaachia kitendawili.

Siku ile, wakati wa chai, nilimfuata yule mama nikamweleza. Akanitazama kidogo. "Kumbe alikuwa ananiunga mkono?"

"Ndiyo, mama."

Akanyanyuka na kikombe chake, akaenda kumtafuta mgeni.