Alama ya kutoa iliyo mlangoni mwa mabano

Una shilingi 10,000. Umenunua kitu cha 7,000 na muuzaji kakupunguzia 1,000. Chenji yako ni 10,000 − (7,000 − 1,000), yaani 4,000. Sokoni hakosei mtu hapo, maana ni fedha yake. Weka x badala ya bei, wengi wataondoa mabano na kuacha alama zilivyo, kama vile 10,000 − 7,000 − 1,000. Zinabaki 2,000: punguzo limegeuka nyongeza!

Kosa hilo ndilo linalotuchosha kalamu nyekundu tunaposahihisha milinganyo yenye mabano ndani ya mabano. Chukua huu:

20 − 2[3x − (x − 4)] = x + 2

MAGAZIJUTO ya shule ya msingi (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) inasema uanze na mabano. Sawa, lakini x − 4 utaikokotoaje na x hujaijua? Basi mabano hayo hutayatafutia jibu. Utayafungua, ukianzia ya ndani kabisa. Alama ya kutoa iliyo mbele yake humgusa kila aliyemo ndani, si wa kwanza peke yake: −(x − 4) ni −x + 4. Kwenye mabano ya mraba panabaki 2x + 4:

20 − 2(2x + 4) = x + 2

Hapa mkono huwasha kutoa 2 kwenye 20 upate 18. Uzuie. Hiyo 2 ni ya kuzidisha mabano, na kuzidisha hutangulia kutoa:

20 − 4x − 8 = x + 2
12 − 4x = x + 2

Ongeza 4x pande zote mbili, kisha toa 2 pande zote mbili. Unapata 10 = 5x, na x = 2.

Hatua hizo mbili zina majina ya zamani. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliita kurudishia kilichopunguzwa al-jabr, ndiyo aljebra yetu. Na kuondoa kinacholingana pande zote mbili akakuita al-muqabala. Mzizi wa hilo la pili tunautumia kila siku bila kujua: mkabala, kukabili. Mlinganyo ni pande mbili zinazokabiliana.

Jibu lihakiki kwenye mlinganyo wa mwanzo kabisa. Ukilihakiki kwenye mstari wa katikati, kosa lililofanyika juu yake hulioni. Tukiweka 2, kushoto tunapata 20 − 2 × 8 = 4, na kulia 2 + 2 = 4.

Aliyekosea alama atapata 5.2, na pengine desimali hiyo itamshtua arudi nyuma. Wa kumhofia ni yule aliyetoa 2 kwenye 20 akapata 18: yeye hupata −2, namba kamili, nadhifu, akafunga daftari kwa furaha. Angeirudisha kwenye mlinganyo angekuta kushoto 20, kulia 0.