"Mbalimbali" sio "tofauti", jamani

Nimeletewa tena makala nihariri, na tena nakuta "viongozi tofauti walihudhuria", nikarekebisha, mwandishi akairudisha vilevile akaniambia eti maneno haya mawili ni kitu kimoja na "tofauti" ni fupi. Hapana, sio kitu kimoja!

Tofauti inataka mwenzake. Ukiniambia viongozi tofauti mi nauliza, tofauti na nani? Na wa mwaka jana? Na waliotangazwa? Mbalimbali haina swali hilo, inasema tu walikuwepo wengi na sio wa aina moja, wa dini, wa vyama, wa mtaa. Ndo maana "kitabu tofauti" inakubali ila "kitabu mbalimbali" hakuna anayesema.

Na msidhani ni ubishi wa wahariri tu. Chukua "mgonjwa alipewa dawa tofauti", mi nikisoma hapo naelewa aliandikiwa hii akapewa ile. Sasa kama ulimaanisha kapewa za maumivu, za presha na za kikohozi, basi andika dawa mbalimbali, manake hiyo sentensi yako inamtupia nesi kosa ambalo hakulifanya. Habari za mahakamani ndo hatari zaidi, "mashahidi walitoa maelezo tofauti" msomaji anaelewa wamepingana, na pengine hawakupingana kabisa, kila mmoja alieleza alichokiona yeye. Watu wakitofautiana si ndo wamepishana kauli? Ukali huo tofauti inao, mbalimbali haina.

Mbalimbali imetoka kwenye mbali, umbali, na maana hiyo bado iko hai: "siku hizi wanalala mbalimbali", kila mtu chumba chake. Weka "wanalala tofauti" hapo, mtu atauliza kwani wanalalaje. (Na ni neno moja, msiikate katikati.)

"Mbali na" nayo ina utata wake. "Mbali na Asha, wote walifaulu", Asha kafaulu au kafeli? Mi naandika "isipokuwa" au "pamoja na", basi.

Panaponisumbua kweli ni "tofauti tofauti". Vitenge vya rangi tofauti tofauti, hapo neno likirudiwa lile swali la "na nini" linapotea na maana inasogea kabisa kwa mbalimbali, watu wanasema hivyo kila siku na wanaelewana. Kwenye mazungumzo naiacha, kwenye habari naibadilisha, na mwandishi akiniuliza kwa nini sina jibu zaidi ya mazoea.