Duka la mtandaoni ni nini hasa, maana peji peke yake siyo duka

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu ananiambia "nimefungua duka mtandaoni", nikimuuliza liko wapi ananitumia linki ya Instagram, nafungua nakuta picha tisa za mikoba, juu kaandika "tunatuma mikoani", na chini ya kila picha "bei njoo inboksi". Hongera zake, kuanza siyo kitu kidogo, ila hapo bado ana dirisha tu, duka lenyewe halijafunguliwa. Watu wengi wanakata tamaa mwezi wa tatu kwa sababu hii hii, walidhani kazi ni kuposti, kumbe kazi yenyewe iko sehemu ambayo mteja haioni.

Sasa tuliweke neno lenyewe sawa. Duka la mtandaoni ni ule mpango mzima unaomfanya mtu ambaye hajakuona, hajashika bidhaa, hajui hata kama jina lako ni la kweli, akubali kutoa hela yake, halafu bidhaa imfikie vile vile alivyoiona kwenye picha, na ikiwa na shida ajue anairudisha kwa nani. Picha imo humo, bei imo, njia ya kulipa, usafiri, na marejesho. Instagram, WhatsApp au tovuti ni mahali tu pa kufanyia hayo, kama vile frem ilivyo mahali pa kufanyia biashara lakini kulipa kodi ya frem hakukufanyi uwe mfanyabiashara.

Fikiria unavyonunua mkoba pale Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Unaushika, unafungua zipu na kufunga, unavuta mkanda uone kama utakatika, unanusa kama ni ngozi au ni plastiki, unaomba apunguze, unatoa hela, unaondoka nao. Dakika tano, mmemalizana, hakuna anayemdai mwenzie. Mtandaoni hela inatangulia halafu mzigo unafuata, au mzigo unatangulia hela inafuata, na katikati hapo kuna saa kadhaa au siku tatu ambazo mmoja wenu yuko roho juu. Hilo pengo ndo biashara yenyewe. Anayejua kulitunza anakua, asiyejua anabaki kulalamika kwamba Watanzania hawanunui mtandaoni.

Na usidhani ni shida ya kwetu tu. eBay, soko la mtandaoni, ilipoanza Marekani mwaka 1995 kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, ikaenda kwa dola 14.83, na mwaka uliofuata tu ikabidi waweke utaratibu wa mnunuzi na muuzaji kupeana maoni hadharani, maana watu wasiofahamiana walikuwa wanaogopana. Wachina nao, soko lao la mtandaoni Taobao limeanza 2003, wakakuta ukuta ule ule, mnunuzi hataki kutanguliza hela na muuzaji hataki kutanguliza mzigo, ndo ikaletwa Alipay ishike hela katikati mpaka mnunuzi aseme nimepokea, niko sawa. Leo watu wanaijua Alipay kama pochi ya simu lakini ilizaliwa kutatua woga.

Sisi huku tulipata M-Pesa, Kenya 2007 na Tanzania 2008, ikaondoa shida ya kutuma hela, ila haikuondoa woga, kwa sababu hela ukishaituma imeenda, hamna mtu ameshika katikati. Kwa hiyo tukajitungia dawa yetu, "lipa ukipokea". Kwa Dar inafanya kazi, lakini ina mwiba wake, boda anatoka Kariakoo anafika Tegeta, simu ya mteja inaita tu, baadaye haipatikani kabisa, mzigo unarudi na boda anataka hela yake ya kwenda na kurudi, wala hana kosa. Mimi nilipigwa hivyo mara nne ndani ya mwezi mmoja kabla sijabadilisha. Siku hizi naomba mteja atangulize nauli ya boda tu, elfu tano au sita kutegemea na umbali, hela ya mzigo atalipa akishaufungua na kuuona. Asiye na nia anaishia hapo hapo kwenye elfu tano, na mwenye nia hata haoni tabu.

Kuna kitu lazima nikitenganishe hapa, uwinga. Winga wa Kariakoo wote tunamjua, hana stoki, anakukamata barabarani "dada unatafuta nini", anakupeleka kwenye duka la mtu na kupiga cha juu. Sehemu kubwa ya tunayoyaita maduka ya mtandaoni ni uwinga uliohamia kwenye simu, mtu anachukua picha kwa mwenye mali, anaongeza elfu nne yake, anaposti, oda ikija ndo anakimbilia kufuata. Siudharau hata kidogo, ndo njia ya kuanza bila mtaji na mimi nilianzia huko. Shida yake ni moja, umeuza kitu ambacho hukishiki. Umeposti saa mbili asubuhi, mteja kalipa saa nane, unafika dukani unaambiwa rangi nyeusi imeisha imebaki ya ugoro, na sasa unaanza kumbembeleza mtu "dear hii ya ugoro nayo ni nzuri sana". Ukifanya uwinga basi piga simu kwa mwenye mali KABLA ya kupokea hela, sekunde thelathini tu. Halafu ile faida ya mwanzo usiile, nunua bidhaa moja au mbili zinazotoka sana uziweke ndani kwako. Siku unayoweza kusema "ninao hapa nilipo, nikutumie video sasa hivi?" ndo siku umeanza kuwa na duka.

Na hiyo video ndo mauzo yenyewe, usiichukulie poa. Ile picha uliyoitoa kwenye tovuti ya Wachina, mwanamke mrefu kasimama kwenye ngazi za marumaru, kila mtu anayo na mteja ashaiona kwenye peji sita. Piga yako, dirishani, mchana, mkono wako unaonekana, weka simu au chupa ya maji pembeni ili ukubwa ueleweke. Kama kuna uzi umechomoza uonyeshe. Nguo andika vipimo kwa sentimita, usiandike "size kubwa" maana kubwa ya nani? Viatu ndo kabisa, 38 ya kiwanda hiki siyo 38 ya kile, mwambie mteja akanyage karatasi, apige alama kisiginoni na kwenye kidole kirefu, apime kwa rula. Watu wengi wanaanza na madera na mikoba na wako sahihi tu, dera halina saizi kwa hiyo halirudi.

Kuhusu "bei njoo inboksi" nina ugomvi wa siku nyingi. Najua sababu, washindani wasione, au upime mteja ana hela kiasi gani. Ila jiweke upande wa pili, mtu yuko kwenye daladala, bando lake linaisha, kaona mkoba kaupenda, umemlazimisha aandike meseji asubiri ujibu, wewe uko sokoni umejibu baada ya saa tatu, hamu imeshaisha. Na washindani bei zako wanazijua, si mnanunua duka moja. Andika bei.

Malipo sasa, hapa watu wanalizwa sana. Meseji ya kwamba umepokea hela inaweza kuandikwa na mtu yeyote kwenye namba ya kawaida, ina neno "Imethibitishwa" na kila kitu, na skrinshoti ya muamala inatengenezwa ndani ya dakika. Usitoe mzigo kwa kuangalia meseji, angalia salio. Kuwa na Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo ya biashara kwa simu, yenye jina la biashara pia kunasaidia, mteja akitaka kulipa anaona jina lile lile la kwenye peji badala ya jina la shemeji yako, woga unapungua nusu.

Mikoani ni mabasi. Mzigo unafungwa, unaandikwa kwa maka peni jina, mkoa na namba ya simu, unapelekwa Mbezi stendi ya Magufuli au ofisi ya basi, unapewa risiti. Risiti hiyo piga picha mtumie mteja hapo hapo, na namba ya gari, na saa linalotarajiwa kufika. Kuna mzigo niliutuma Mwanza nikakosea tarakimu moja ya simu, saba nikaandika moja, ukakaa ofisi ya vifurushi siku kumi na moja na mteja ameshaniita tapeli kwenye status yake, na sikuwa na la kumjibu. Kilichoniokoa ni ile risiti, nilikuwa nayo. Siku hizi namba naandika mara mbili, juu na ubavuni, na namsomea mteja kabla ya kufunga.

Haya, hesabu. Chukulia mkoba umeununua 18,000 bei ya jumla, unauza 30,000. Kichwani umeshapata 12,000 na jioni umeshakula 12,000. Toa mfuko na stika 700, nauli yako ya kufuata mzigo ukiigawa kwa kila kipande 500, bando 800, makato ya simu 1,000, safari za boda zilizokufa ukizigawa kwa waliopokea 500. Halafu tangazo la kulipia, umeweka 20,000 umepata wateja kumi, ni 2,000 kila mmoja. Jumla 5,500, umebaki na 6,500, na hapo hujajilipa mshahara. Anayeshusha bei mpaka 24,000 "ili ashindane" anafanya kazi ya kujitolea, amebakiwa na mia tano.

Sasa angalia kitu kizuri. Mteja yule yule akirudi mara ya pili hukumlipia tangazo, ile 2,000 inabaki kwako, faida inakuwa 8,500. Na mara nyingi hahitaji kubembelezwa, haulizi "mko wapi" wala "nitaaminije", anatuma hela anasema nichagulie. Ndo maana nikisikia mtu ana mafolowa elfu arobaini sishtuki, namuuliza mwezi uliopita wangapi wamenunua kwa mara ya pili, na wengi hawajui kwa sababu hawaandiki popote. Daftari la shilingi elfu moja linatosha, jina, namba, alichonunua, mkoa, tarehe. Likijaa mistari mia mbili ni mali kuliko peji, kwa sababu peji uko kwenye nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba humjui, akaunti ikidukuliwa au ikifungiwa leo huna pa kwenda kulia. Waombe wateja wasevu namba yako, maana ile broadcast ya WhatsApp inamfikia tu aliyekusevu, na orodha moja mwisho watu 256.

Tovuti je? Baadaye. Ukiona unajibu maswali yale yale ishirini kwa siku na oda zinakupita kwa sababu umelala, hapo ndo inaanza kuwa na maana. Kuwa mkubwa peke yake hakumalizi kitu, Jumia, kampuni ya kuuza vitu mtandaoni, iliingia Tanzania na tovuti yake, magari na matangazo, Novemba 2019 ikafunga shughuli zake huku, na dada anayeuza madera kwa WhatsApp akaendelea kutuma mizigo Mbezi kama kawaida. TIN, namba ya mlipakodi, usiisubirishe, TRA (mamlaka ya mapato) wanaitoa bure, na jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa kusajili biashara, maana siku kampuni ikitaka mikoba thelathini ya kuwapa wafanyakazi wake, kitu cha kwanza watakachoomba ni risiti. Mimi iliwahi kunipita oda ya vipande arobaini hivyo hivyo, nikabaki na sampuli tatu nilizopeleka, moja mpaka leo anabebea mama yangu vitenge.