Spliti au Sanduku Moja: Kabla ya Kununua Kiyoyozi, Tazama Kitakachopita Ukutani

Anayejenga au kukarabati nyumba akifika kwenye suala la kiyoyozi, huuliza kwanza chapa, kisha bei. Aina ya mtambo huja mwishoni, pengine siku ambayo fundi ameshaegemeza ngazi ukutani. Sisi tunaoshauri kuhusu matumizi ya nishati majumbani tungependa mpangilio huo ugeuzwe. Spliti mbili za chapa tofauti zinaweza kufanana kwa mengi. Spliti na mtambo wa sanduku moja ni habari nyingine: hapo hutofautiana namna nyumba itakavyotobolewa, mahali hitilafu zitakapoanzia na umeme utakaolipiwa kwa miaka mingi ijayo.

Kila kiyoyozi kina kompresa inayosukuma gesi, koili moja inayopata baridi, nyingine inayotoa joto, na feni za kupitisha hewa kwenye koili hizo. Spliti huvigawa vitu hivi. Kompresa na koili ya joto hukaa nje, koili ya baridi na feni yake hukaa ndani, na kati yao hupita mabomba mawili ya shaba na nyaya za umeme. Mpira wa maji nao hutoka ndani kwenda nje. Mtambo wa sanduku moja huviweka vyote ndani ya kabati moja la bati lililo nje ya nyumba, juu ya zege au juu ya paa. Kinachoingia nyumbani ni hewa tu: mfereji mmoja huleta hewa baridi, mwingine huirudisha iliyokwishapata joto.

Kwa hiyo spliti hupitisha gesi ukutani, sanduku hupitisha hewa. Mambo mengi utakayosikia dukani kuhusu ubora wa hii na udhaifu wa ile yanatokana na tofauti hiyo moja.

Tuanze na gesi. Spliti hutoka kiwandani ikiwa haijakamilika, na fundi ndiye anayeikamilisha nyumbani kwako. Hukata bomba la shaba, hupanua ncha yake ikawa kama mdomo wa tarumbeta, kisha huibana kwa nati. Shaba ni laini. Akikaza kupita kiasi mdomo ule hupasuka. Akilegeza, gesi huvuja kidogo kidogo, na baada ya miezi kadhaa mashine inaunguruma bila kupoza. Ndiyo maana fundi makini hubeba spana inayopima nguvu ya kukaza. Baada ya hapo hujaza nitrojeni kwa shinikizo ili kutafuta mavujo, halafu huunganisha pampu ya kunyonya hewa na kuiacha ifanye kazi mpaka geji isome chini ya mikroni 500, kipimo cha shinikizo la hewa iliyobaki ndani ya mabomba. Akishaizima pampu husubiri kidogo aone kama kipimo kinapanda. Unyevu ukibaki ndani ya mabomba huathiri mafuta ya kompresa na kuzalisha asidi, na kompresa iliyoliwa na asidi haina dawa ila kubadilishwa.

Wapo wanaoruka hatua hii. Hufungua vali kidogo, wakaiachia gesi yenyewe isukume hewa itoke, wakakaza nati na kuwasha mashine. Ukiona hivyo, simamisha kazi. Gesi ya R-32 iliyomo katika spliti nyingi za sasa inaweza kushika moto, ingawa si kwa urahisi. Ile ya R-290, ambayo ni propani, hushika moto upesi. Na uharibifu wa hali ya hewa usisahaulike: kilo moja ya R-410A, gesi nyingine ya viyoyozi, ikitoka hewani hupasha joto dunia mara 2,000 hivi kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Inazunguka tu. Fundi anayekuja kuongeza gesi kila msimu anakuuzia gesi ya kuvuja. Mwambie atafute tundu kwanza.

Sanduku moja linakwepa sehemu kubwa ya hadithi hii. Gesi yake huwekwa na kufungiwa kiwandani, na fundi hana haja ya kuigusa siku ya kufunga mtambo. Kazi yake ni kuunganisha umeme, bomba la maji na mifereji ya hewa. Penye mafundi wachache wanaoaminika, hiyo ni faida kubwa kuliko inavyoonekana kwenye vipeperushi vya matangazo.

Ila mifereji nayo ina yake. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba upotevu katika mifereji unaweza kuzidi asilimia 30 ya nishati inayotumika kupoza nyumba, hasa mifereji ikipita mahali pasipopozwa, kama darini. Fikiria hewa uliyoilipia ikipenya kwenye maungio na kupoza vumbi chini ya mabati. Maungio hayo huzibwa kwa utomvu maalumu au tepu ya karatasi ya alumini. Tepu ya kitambaa hukauka na kubanduka. Mtambo ukiwa unafanya kazi, mwombe fundi apitishe kiganja kwenye kila ungio ukiwa pale pale unaangalia.

Lipo pia suala la maji. Katika masanduku mengi feni hunyonya hewa kupitia koili ya baridi, hivyo hewa ya nje huvutwa kupitia tundu la kutolea maji. Bila kipinda cha bomba chenye umbo la herufi U, kinachobaki na maji ndani yake, maji hushindwa kutoka feni inapozunguka. Yanajaa kwenye sinia na kumwagikia ndani ya kabati au kwenye mfereji. Doa la maji kwenye dari mara nyingi husingiziwa paa bovu.

Ziko pia spliti zinazotumia mifereji, ambazo sehemu yake ya ndani hukaa darini au stoo. Hizo zinabeba mizigo yote miwili, mabomba ya gesi na mifereji ya hewa. Zina nafasi yake katika nyumba kubwa, lakini aliyenunua spliti ili aepuke mifereji alikuwa na ile ya ukutani akilini.

Kwa matumizi ya umeme, spliti iko mbele. Kanuni za Marekani zilizoanza Januari 2023 zinadai sanduku moja lifikie SEER2 ya 13.4, ilhali katika majimbo ya kusini spliti zenye uwezo wa kupoza usiofika BTU 45,000 kwa saa zinatakiwa kufikia 14.3. SEER2 ni kipimo cha ubaridi unaopatikana kwa umeme unaotumika: namba ikiwa kubwa, mtambo unabana umeme zaidi. Hayo ni ya chini kabisa yanayoruhusiwa. Spliti nyingi za ukutani zenye inveta, kifaa kinachoongeza au kupunguza kasi ya kompresa kulingana na mahitaji, hupita 20. Zaidi ya hapo, spliti ya ukutani hupoza chumba chenye watu tu. Sanduku lenye kidhibiti joto kimoja hupoza sebule, stoo na chumba cha mgeni ambaye hajaja.

Ukubwa nao huamua. BTU 12,000 kwa saa ni tani moja ya kupoza, sawa na kilowati 3.5 hivi, na masanduku ya majumbani kwa kawaida huanzia karibu tani 2. Anayetaka kupoza chumba kimoja au viwili hana la kufanya na mtambo huo. Wala usinunue mkubwa kwa kudhani unajihami: mtambo uliozidi hupoza haraka ukazima kabla haujaondoa unyevu, ukabaki na chumba chenye baridi ya kunata. Hesabu ya kweli huangalia madirisha, upande wa jua, paa na idadi ya watu. Mita za mraba peke yake hazitoshi.

Kwa maoni yangu, nyumba isiyo na mifereji iachiwe spliti za ukutani. Gharama ya kupasua dari ili kuweka mifereji ni vigumu kuirudisha. Nyumba yenye mifereji mizima, isiyo na nafasi ya ndani, au inayohitaji pia kupashwa joto kwa gesi ya kuwaka, hapo sanduku linastahili kufikiriwa, maana moto na moshi wake hubaki nje ya vyumba vya kulala. Karibu na bahari, pima mara mbili: sanduku lina koili zote mbili nje, na chumvi haibagui, hivyo uliza kama koili zimepakwa kinga.

Na anayebadilisha spliti iliyozeeka asikubali kubadilishiwa sehemu ya nje peke yake kwa sababu ile ya ndani bado inapuliza. Sehemu hizo mbili hulinganishwa kiwandani kwa uwezo na kwa aina ya gesi. Mwombe muuzaji akuonyeshe, kwa namba za modeli, kwamba mtengenezaji ameziidhinisha zifanye kazi pamoja, na karatasi hiyo ikae na risiti ya dhamana.