"Sola ni ya vitochi tu": dhana inayofanya paneli nzima zitupwe

Wateja hawachoki kurudisha taa za sola na paneli ndogo wakidai ni mbovu, eti zinachaji kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, lakini simu janja zinaishindwa. Ukizipima, nyingi ni nzima kabisa. Dhana hii ndiyo inayokera kuliko zote, kwa sababu inawapotezea watu fedha: wanaacha chombo kinachofanya kazi na kwenda kulipia chaji ya simu bandani kila siku.

Tuanze na hesabu. Betri ya kitochi ni kama 1,000 mAh kwa volti 3.7, yaani wati-saa 3.7. Simu janja ya siku hizi ina 5,000 mAh kwa volti 3.85, sawa na wati-saa 19 hivi. Ni mara tano. Tundu la USB likitoa volti 5 na nusu ampea, unapata wati 2.5. Weka na upotevu wa asilimia 15 hadi 20 njiani. Kuijaza simu iliyoisha kabisa utahitaji kama wati-saa 23. Gawa kwa 2.5, unapata masaa 9. Kitochi kwenye tundu hilohilo hujaa ndani ya masaa mawili. Umeme ni uleule na volti ni zilezile, ila betri ya kujazwa ni kubwa.

Sasa mtu anachomeka simu kisha anaendelea kutazama video kwa data, mwanga wa kioo uko juu kabisa. Hapo simu yenyewe inakula wati 1.5 hadi 2. Kinachoingia kwenye betri ni nusu wati au zaidi kidogo, saa nzima inapita na asilimia zimepanda mbili tatu, lawama zote kwa sola. Izime simu! Kama unasubiri kupigiwa na huwezi kuizima, basi zima data, zima kioo, uiache itulie.

Kuna jambo la pili ambalo hata baadhi ya mafundi hulipuuza. Simu haivuti umeme kiholela. Kwanza inakagua miguu miwili ya katikati ya tundu la USB, ile ya data. Ikiikuta imeunganishwa pamoja, inajua hii ni chaja na inaweza kuvuta hadi ampea 1.5. Ikiikuta imeachwa wazi, kama ilivyo kwenye paneli nyingi za bei rahisi, simu inakuwa na wasiwasi: inavuta nusu ampea au chini ya hapo, na nyingine zinakataa kabisa. Paneli ya wati 10 inaishia kutoa wati 2.5 na simu inaandika "inachaji polepole". Fundi anaweza kuunganisha miguu hiyo miwili kwa tone la lehemu upande wa tundu, lakini afanye hivyo pale tu chanzo kinapoweza kweli kutoa ampea hizo. Kikizidiwa, volti zinaporomoka na utakuwa umeharibu badala ya kutengeneza.

Waya nao unachangia. Soma maandishi madogo ubavuni mwake. AWG ni kipimo cha unene wa waya, namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Ukiona 28AWG kwenye nyaya za umeme, waya wa mita moja unapoteza karibu volti 0.4 kwa ampea moja. Wa 24AWG unapoteza chini ya nusu ya hizo. Kwenye chaja ya ukutani hutagundua. Kwenye paneli ndogo ndiyo tofauti ya kuchaji na kutochaji. Tumia waya mfupi na mnene.

Halafu kuna wingu. Likipita sekunde chache tu, volti zinaanguka, simu inakata au inapunguza uvutaji, na jua likirudi simu nyingine hazipandishi tena mpaka uchomoe na kuchomeka upya. Unarudi jioni ukidhani imeshinda inachaji, kumbe ilikata saa nne asubuhi. Ndiyo maana ushauri wangu ni mmoja na siuachi: mchana chaji pawabenki, usiku chaji simu kutoka kwenye pawabenki. Paneli ya wati 10 kwenye jua kali hutoa 6 au 7. Kwa masaa matano mazuri, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, unapata wati-saa 30 na ushee, ambazo karibu zinajaza pawabenki ya 10,000 mAh. Hiyo itaijaza simu yako mara moja na kubaki kidogo. Usitegemee mara mbili. Na paneli ikiwa juu ya bati, iinue kiganja kizima ili hewa ipite, maana ikipata joto inatoa pungufu. Simu isikae juani kamwe.

Zipo na dhana nyingine ninazozisikia, nizijibu moja moja.

"Pawabenki yenye sola mgongoni inajichaji yenyewe." Kipaneli cha sentimita 7 kwa 14 kinatoa wati moja na kitu. Pawabenki ya 20,000 mAh ina wati-saa 74. Utaianika karibu wiki mbili. Ichukulie kama pawabenki ya kawaida.

"Chaja ya polepole inaua betri." Kinyume chake. Kinachoichosha betri ni joto, na umeme mdogo huleta joto dogo.

"Chaja ya wati 65 itaunguza simu." Simu huchukua inachohitaji, mradi chaja si feki.

"Paneli inachaji hata ndani, dirishani au chini ya taa." Dirishani utapata kidogo sana. Chini ya taa, hakuna kitu.

"Paneli ya volti 12 naweza kuifunga moja kwa moja kwenye waya wa simu." Hapa ndipo simu zinapokufa kweli. Paneli hiyo isipobebeshwa mzigo hufika volti 21 au 22. Inahitaji kifaa cha kushusha volti hadi 5, au kidhibiti chaji chenye tundu la USB pamoja na betri yake. Kabla ya kuchomeka simu, pima tundu kwa mita. Ikisoma zaidi ya volti 5.25, usichomeke.