Athari ya Kuleshov: maana inayozaliwa penye maungio

Mwanafunzi wa filamu wa mwaka wa kwanza huingia darasani na swali moja: kamera tutashika lini? Mimi humwambia kamera itangoja. Kwanza tumjue mwigizaji aliyesifiwa kwa namna alivyoitazama supu ambayo hakuwahi kuiona.

Athari ya Kuleshov ni hii: mtazamaji akioneshwa picha mbili zinazofuatana, huzifunga pamoja kichwani na kupata maana ya tatu, ambayo haimo katika picha ya kwanza wala ya pili. Uso mkavu ni uso mkavu. Bakuli la supu ni bakuli la supu. Vikifuatana, mtu ana njaa. Hakuna aliyeiigiza njaa hiyo. Tumeitia sisi tuliokaa kwenye viti.

Lev Kuleshov alizaliwa Urusi mwaka 1899. Chuo cha filamu cha serikali kilipofunguliwa Moscow mwaka 1919, ambacho siku hizi hujulikana kwa kifupi chake, VGIK, alianza kufundisha akiwa kijana wa miaka ishirini tu. Nchi ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, na mikanda mipya ya filamu ilikuwa adimu kupita kiasi. Basi wanafunzi wake waliigiza jukwaani "filamu bila filamu", wakipanga matukio kana kwamba kamera ipo. Na mikanda ya zamani iliyokuwapo waliikata, wakaiunga upya, wakakata tena.

Katika kukatakata huko ndipo lilipozaliwa jaribio lenyewe. Kuleshov alichukua picha ya karibu ya uso wa Ivan Mosjoukine, mwigizaji mashuhuri wa enzi ya kifalme, kutoka katika filamu ya zamani. Uso umetulia, hauoneshi chochote. Akauunga na supu, kisha uso uleule akauunga na maiti ya mwanamke jenezani, halafu na msichana mdogo anayecheza. Vsevolod Pudovkin, mwanafunzi wake aliyekuja kuwa mwongozaji mkubwa, aliandika kwamba watu waliustaajabia uigizaji ule: fikra nzito mbele ya supu, huzuni mbele ya maiti, tabasamu jepesi mbele ya mtoto. Mosjoukine hakujua lolote juu ya mambo hayo. Mwaka 1920 alikwishahamia Ufaransa.

Hapa sharti niwe mkweli kwa wanafunzi wangu. Mkanda wa jaribio hilo haupo tena, na Kuleshov mwenyewe alilisimulia tofauti na Pudovkin. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Marekani walilirudia, wasipate matokeo kama yale yaliyosimuliwa. Wengine waliokuja baadaye wakapata dalili zake. Kwa hiyo usilibebe kama kanuni ya fizikia. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya programu ya kuhariri, akahamisha shoti moja (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) mbele ya nyingine na kuona mhusika wake amegeuka kutoka mpole kuwa mwizi, hahitaji kushawishiwa.

Kuleshov aliunga pia mahali na mahali. Aliwaonesha watu wanaokutana Moscow, kisha ngazi za jengo wanaloliendea, na jengo lenyewe likawa Ikulu ya Marekani huko Washington. Mtazamaji akaona mji mmoja. Watengenezaji wetu hufanya hivyo kila wiki, mara nyingi bila kujua kuwa jambo hilo lina historia: mlango unafunguliwa Kariakoo, sebule iko Kigamboni, na hakuna anayeuliza kivuko kilipandwa saa ngapi.

Kwa nini basi tuanze na habari za miaka mia iliyopita, wakati kila mwanafunzi ana kamera mfukoni? Kwa sababu uhaba ulimfundisha Kuleshov kile ambacho wingi unatuficha. Rola ya futi 1,000 ya mkanda wa milimita 35 huisha kwa dakika 11 hivi, na kila futi ni pesa. Kadi ya kumbukumbu haina uchungu huo. Mwanafunzi anarudi na saa nne za picha, akitumaini kuwa filamu imo humo ndani mahali fulani. Tena akikosa maana, humtwisha mwigizaji mzigo wote: lia zaidi, piga kelele, shika kichwa. Kisha juu yake anamimina muziki wa huzuni. (Filamu zetu nyingi zimezama kwenye kinanda hicho.)

Upande wa pili wa athari hii si mzuri. Video ya mtandaoni inayosema "tazama kiongozi alivyokasirika" mara nyingi ni uso wa mtu aliyekuwa akingoja maji ya kunywa, umebandikwa baada ya maneno ya mpinzani wake. Anayejua kuunga anajua na kudanganya, na darasani hilo halikwepeki.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Mrekodi mwenzako sekunde 10, asiigize. Afikirie namba tu. Rekodi vitu vitatu: sahani ya wali, kaburi, mtoto anayecheza. Macho yakitazama kulia kwa picha, kitu kirekodiwe kutoka upande alipo anayekitazama, na mwanga ufanane, la sivyo uzi unakatika. Sekunde tatu kwa kila shoti zinatosha. Kwa fremu 24, yaani picha mojamoja, kwa sekunde, hizo ni fremu 72. Usiwaoneshe watu walewale matoleo yote matatu, maana watagundua kuwa uso ni uleule. Kila kundi lipewe toleo moja, kisha uliza: huyu anahisi nini?

Muziki hauruhusiwi. Na atakayeleta shoti ya ziada ya machozi "kwa usalama", nitaifuta mbele yake.