Si lazima uamini kwanza ndipo uandamane

Kijiweni hapa Mtwara, yakitajwa maandamano ya 2012 na 2013 ya kupinga bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam, utasikia: watu walielimishwa kwanza, wakaamini, ndipo wakaingia barabarani. Mara nyingi mambo huenda kinyume.

Mwanasosholojia Ziad Munson aliwahoji wanaharakati wanaopinga utoaji mimba nchini Marekani. Karibu nusu yao hawakuwa na msimamo huo walipohudhuria shughuli ya kwanza; wengine walikuwa upande wa pili kabisa. Walialikwa tu na rafiki au mwenzao wa kanisani. Imani ilikomaa baadaye, wakiwa tayari ndani.

Kwa hiyo kuitikia "gesi haitoki" hakukumtaka mtu awe amesoma sera ya nishati. Unamfuata shemeji, mnaimba, mnapigwa jua pamoja. Kesho ukiulizwa ulifuata nini, unatafuta sababu, na ukishaitamka mbele za watu inakuwa yako. Si kwamba umedanganywa. Madai yanaweza kuwa ya haki kabisa. Hoja nayo ina kazi, ila humwingia zaidi aliyekwisha kuketi nasi.